Pini ya duka la aiskrimu la Main Street: kagua mistari kabla ya kulipa

Pini za Disney ni beji ndogo za chuma ambazo watu hukusanya, huvaa na kubadilishana; hii tunayoikagua inachora duka la aiskrimu la Main Street, mtaa wa kizamani ndani ya bustani za burudani za Disney. Ndani ya sentimita nne hivi za chuma, pini ya aina hii inajaribu kubeba duka zima: turubai la mistari myekundu na myeupe juu ya mlango, kibao chenye herufi za madoido, dirisha la kioo, na mbele yake glasi ndefu ya aiskrimu iliyokaliwa na cheri. Utamu wake uko hapo, na kuharibika kwake kuko hapo hapo. Pini ya uso wa mhusika wa katuni husamehe mengi, maana ina rangi tatu nne pana na mistari minene. Pini ya duka haisamehe. Mstari mmoja ukivuja, macho hayaoni kingine. Kwa hiyo tathmini hii itakaa zaidi kwenye kazi ya kiwandani na kidogo tu kwenye mapenzi ya aiskrimu. Mapenzi mnayo tayari, ndiyo maana mnasoma.

Kwanza ijulikane ni duka lipi. Wauzaji wa mtandaoni huandika "pini ya duka la aiskrimu la Disney" wakadhani wamemaliza, kumbe maduka ni zaidi ya moja. Plaza Ice Cream Parlor liko Magic Kingdom, Florida, bustani iliyofunguliwa Oktoba 1, 1971. Utalikuta mwisho wa Main Street, U.S.A., ukiwa umekaribia kasri, mkabala na mgahawa wa Casey's Corner. Gibson Girl Ice Cream Parlor liko Disneyland ya Anaheim, California. Bustani hiyo ni ya 1955, lakini duka lenyewe lilifunguliwa 1997. Jina hilo la Gibson Girl lipo pia Disneyland Paris, bustani iliyofunguliwa 1992, na huko neno la mwisho huandikwa Parlour, kwa u, kama waandikavyo Waingereza. Herufi hiyo moja kwenye kibao inatosha kukuambia pini ni ya Ufaransa au ya Marekani. Muuzaji anayekuapia kwamba ni ya California huku kibao kina u, ama hajui anachouza, ama anakijua sana.

Lipo pia jina la Carnation, linalowagusa wapenzi wa zamani wa Disneyland. Hiyo ni kampuni ya maziwa iliyokuwa na duka la aiskrimu Main Street tangu bustani ilipofunguliwa Julai 17, 1955. Leo jina limebaki kwenye mgahawa wa Carnation Cafe. Pini yenye kibao cha duka hilo la aiskrimu ni ya ukumbusho, si ya duka unaloweza kuingia ukaagiza koni, na wakusanyaji huipima hivyo.

Za Hollywood zina hesabu yake. Kando ya ukumbi wa sinema wa El Capitan, duka la soda na aiskrimu la Disney lilikuwa likiuza sandei (aiskrimu iliyomwagiwa mchuzi) inayokuja na pini ya toleo lenye kikomo, iliyoitwa Pin Trader Delight. Wakusanyaji huziita PTD tu. Hizo si pini za bustani, na bei yake kwenye soko la mkono wa pili huenda njia yake yenyewe, mara nyingi juu kabisa. Usikubali bei ya pini ya Main Street ipangwe kwa kulinganishwa na PTD eti kwa sababu zote zina aiskrimu.

Sasa mchoro. Main Street iliigwa kutoka mji mdogo wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo pini inayosema ni ya duka la kizamani inabanwa na zama hizo. Hapa mchoraji mzembe hujulikana haraka. Gibson Girl ni mwanamke wa michoro ya Charles Dana Gibson, iliyovuma miaka ya 1890: nywele zimekusanywa juu ya kichwa, shingo ndefu, kola imepanda, mikono ya blauzi imefura mabegani, kiuno kimebanwa. Akichorwa na nywele fupi za masikioni na shanga ndefu, huyo ni msichana wa miaka ya 1920, kaingia duka si lake. Viti viwe vya waya uliosokotwa, kaunta iwe ya marumaru, taa ziwe za vioo vya rangi. Ukiona stuli za kromu, taa za neoni na mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu, umetoka kwenye duka la aiskrimu ukaingia mgahawa wa miaka ya 1950. Pini yaweza kuwa nzuri tu, ila si hii tunayoizungumzia. Koni ya kaki haina tatizo, kwani ilipata umaarufu kwenye maonyesho ya St. Louis ya 1904. Ndizi iliyopasuliwa na kupangwa aiskrimu katikati nayo huhesabiwa kuwa ya 1904, kutoka Latrobe, Pennsylvania. Vyote viwili vinaingia ndani ya zama.

Rangi ya chuma ina sauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa duka la kizamani, mchovyo bora wa chuma ni dhahabu: kuta za dhahabu kati ya rangi hufanya kibao kionekane kama kilichopakwa kwa mkono. Nikeli ya kung'aa inapoza mchoro. Nikeli nyeusi huugeuza kuwa picha ya katuni, kwa kuwa kila rangi inazungushiwa wino. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya matoleo mawili ya mchoro mmoja, chukua la dhahabu hata kama lile jeusi linapigiwa debe.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kipande cha chuma hugandamizwa kwa muhuri mgumu hadi mchoro ubaki na vishimo vilivyotenganishwa na kuta nyembamba, kisha kila kishimo hujazwa rangi yake, ndiyo enameli. Kwenye enameli ngumu rangi hujazwa kupita ukingo, huokwa, halafu uso wote husuguliwa hadi chuma na rangi vilingane. Kwenye enameli laini rangi huachwa chini ya ukingo, na ukipitisha ukucha unasikia matuta. Baadhi ya enameli laini humwagiwa juu epoksi, utomvu unaoganda kama kioo, ili uso uwe laini, lakini epoksi hiyo inakwaruzika na ikizeeka huelekea manjano, jambo ambalo kwenye pini yenye weupe mwingi linaonekana toka mbali.

Kwa turubai la mistari, enameli ngumu ndiyo inayostahili. Fanya hesabu ndogo. Turubai la sentimita 3 lenye mistari 12 linaupa kila mstari milimita 2.5, ukuta wake ukiwa humo humo. Hiyo inafanyika vizuri. Turubai hilo hilo likiwa na mistari 30, kila mmoja unabaki na milimita moja, na ukuta wa chuma unakaribia milimita 0.2, ambapo muhuri hauwezi tena kuusimamisha sawasawa. Rangi nyekundu inaruka ukuta na kuingia kwenye nyeupe, na utaona ukingo wa waridi upande mmoja wa mstari, kwa kawaida kule chini turubai linapokunjika. Kiwanda kikitaka kulikwepa hilo, huacha enameli na kuchapa wino juu ya chuma. Wino si dhambi, ila ujue umenunua nini: unakaa juu ya uso badala ya ndani yake, na msuguano wa begi moja unatosha kuukwangua.

Namna ya kutambua ni rahisi. Inamishe pini chini ya taa moja, siyo taa nyingi za dukani, na uizungushe polepole. Mistari ya enameli ina waya wa chuma unaomweka kati yake, mmoja baada ya mwingine. Mistari ya wino haimweki, uso wote unang'aa kwa pamoja au kufifia kwa pamoja. Ukiwa na kioo cha kukuzia cha mara 10, tazama ncha za mistari. Wino una ukingo wenye meno meno madogo, enameli inaishia kwenye ukuta.

Herufi za kibao nazo zina kikomo. Herufi zilizoinuliwa kwa chuma zenye kimo cha chini ya milimita moja huanza kuziba matumbo: e inakuwa c iliyovimba, a inakuwa tone. Neno refu kama Parlor likibanwa kwenye kibao cha sentimita moja na nusu pamoja na maneno mengine mawili, hilo ndilo la kutarajia. Pini nzuri huwa na kibao kilichokuzwa kuliko uhalisia, hata kama duka linaonekana limevaa kofia kubwa. Mchoraji aliyefanya hivyo anaijua kazi yake.

Halafu kuna vanila. Rangi ya malai ndiyo inayofichua kiwanda kuliko zote. Enameli ikipoa huacha vitundu vidogo kama vya sindano. Wakati wa kusugua, vumbi la chuma huingia humo na kukwama. Kwenye mchuzi wa chokoleti hulioni, kwenye nyekundu hulioni vizuri, lakini kwenye donge la vanila linabaki kama vidoa vyeusi, mithili ya pilipili manga iliyomwagika kwenye maziwa. Kidoa kimoja ukingoni kivumilie. Viwili vitatu katikati ya donge, rudisha pini na uombe nyingine ya mchoro huo huo. Dukani ndani ya bustani hilo halina ugomvi: omba kuona tatu nne za mchoro mmoja, zilaze sambamba, chagua yenye malai safi. Watu wanaotazama turubai tu hurudi nyumbani na vanila yenye mawaa.

Cheri hutengenezwa kwa njia mbalimbali. Ikiwa ni enameli nyekundu ya kawaida, haina la kusema. Ikiwa ni tone la epoksi lililofura, itazame kwa ubavu uone kama kuna kiputo cha hewa ndani. Ikiwa ni kito cha kioo kilichogundishwa, ndicho kitakachong'oka kwanza, kwa sababu kimejitokeza kuliko sehemu zote na hupigwa na kila kinachopita. Hali kadhalika glasi iliyowekwa kama tabaka la pili juu ya duka. Ishike kwa vidole viwili na uijaribu taratibu. Ikicheza hata nusu milimita, gundi yake imeshaanza kuachia. Milango inayofunguka kwa bawaba ndogo inapendeza siku ya kwanza, lakini kijiti cha bawaba hupinda na mlango hubaki wazi nusu daima. Kwa maoni yetu, duka lililolala bapa na kufanyiwa kazi safi linalishinda duka lenye mbwembwe.

Geuza pini. Mgongo wa pini ya Disney ya miaka ya karibuni huwa na alama ya hakimiliki ya Disney, mara nyingi nembo rasmi ya Pin Trading, na uso uliojaa vichwa vidogo vya Mickey vilivyochongwa. Kwenye toleo lenye kikomo idadi huandikwa hapo hapo. Idadi hiyo ni ya pini zote za toleo. Kwa kawaida si namba ya pini yako. Kwenye pini halali vichwa vya Mickey hukatwa na ukingo, yaani vinaendelea hadi mwisho kana kwamba chuma kilikatwa baada ya kuchorwa. Kwenye feki nyingi vinaishia kabla ya ukingo na kuacha mpaka mtupu kuzunguka pini. Dalili nyingine ni uzito mdogo, kingo zinazokwaruza kidole, rangi zilizochujuka, na herufi za mgongoni zilizofutikafutika. Hakuna dalili moja inayotosha peke yake. Pini za miaka ya mwanzo zina mgongo laini, na hizo si feki. Chukua dalili tatu kwa pamoja ndipo uhukumu.

Kuna kundi la katikati linaloitwa skrapa: pini zilizotoka kwenye muhuri wa kweli lakini zilikataliwa kwa kasoro au zilipigwa zaidi ya idadi iliyoagizwa, zikauzwa kwa mlango wa nyuma. Mgongo wake unaweza kuwa sahihi kabisa. Hapo ndipo uso unapoamua, na pini ya duka ni mtego mzuri wa skrapa, kwa kuwa mistari iliyovuja na malai yenye vidoa ndizo sababu zenyewe za kukataliwa. Mtandaoni ukikuta mafungu ya pini 50 au 100 kwa bei isiyofika dola moja kwa pini, usijiulize mara mbili. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni kondoo.

Mtego mwingine ni wa tarehe. Biashara rasmi ya kubadilishana pini ilianza Walt Disney World mwaka 1999, kwenye sherehe za kuupokea mwaka 2000. Pini za ukumbusho zilikuwepo kabla, lakini yenye nembo ya Pin Trading haiwezi kuwa ya 1971, hata duka linalochorwa likiwa la enzi hizo. Muuzaji akisema "ya siku ya ufunguzi", geuza, tafuta nembo, kisha mrudishie kwa heshima.

Bei. Ndani ya bustani pini ya toleo la wazi, yaani lisilo na kikomo cha idadi, kwa kawaida huwa na bei ya chini kuliko ya toleo lenye kikomo. Kwa toleo la wazi lenye mistari safi, bei ya bustani ni halali. Kwa toleo lenye kikomo, lipa ziada ikiwa tu unaitaka pini yenyewe, kwa maana maduka ya aiskrimu hayana mbio za wanunuzi kama wahusika wakubwa. Zikija ndani ya masanduku ya siri, tuseme seti ya pini 8 na kila sanduku lina 2, piga hesabu kabla ya kuchomoa kadi: ukitegemea bahati peke yake utahitaji kwa wastani pini 20 hivi, yaani masanduku 10, kuzipata zote 8. Nunua mawili, ya ziada badilishana. Kama ni duka pekee unalolitaka, subiri mtu afungue sanduku lake na umlipe pini hiyo moja.

Kubadilishana na wafanyakazi wa bustani kuna taratibu zake: pini mbili kwa mfanyakazi mmoja kwa siku, moja baada ya nyingine, ikiwa nzima na kizibo chake nyuma, ya chuma, yenye alama ya Disney, na isiwe inafanana na aliyonayo tayari. Usiguse kamba yake ya shingoni anayobandika pini. Onyesha unayoitaka, atakuvulia mwenyewe. Pesa haziingii. Kwenye kamba hizo na mbao za kubadilishia, skrapa ni nyingi, kwa hiyo pini ya duka uliyoinunua dukani ikiwa safi usiitoe pale. Utatoa malai meupe upewe yenye pilipili. Ibadilishe na mkusanyaji mwenzako, mezani, kila mmoja akiwa na taa na kioo chake.

Kuivaa ni shughuli. Yenye sindano moja huzunguka, na duka lililolala ubavu linachekesha. Sindano mbili ndizo zinazofaa kwa mchoro wenye juu na chini. Kizibo cha mpira cheusi chenye umbo la Mickey kinashika vizuri kikiwa kipya, lakini kikivuliwa mara kwa mara tundu lake hupanuka, na pini hudondoka bila sauti. Badilisha kwa kizibo cha kufunga chenye skrubu ndogo ya pembe sita, ukaze mpaka kishike, usipitilize, la sivyo skrubu italichimba shina la sindano. Fulana nyembamba itavutika na kutoboka. Jinzi, turubai la begi au kamba pana ya shingoni ndiko kwenye nafasi yake.

Kuhifadhi, neno moja tu la kukumbuka: PVC. Mifuko laini ya plastiki ya aina hiyo hutoa kemikali inayouma mchovyo wa dhahabu na kuacha ukungu wa kijani unaonata. Tumia mifuko ya polipropilini au kurasa za sponji, weka na kifuko cha silika kama hewa ina unyevu, na kadi yake ya nyuma usiitupe. Kusafisha ni kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Asetoni huyeyusha wino na kulainisha epoksi, na dawa ya kung'arishia fedha hula mchovyo.

Cheri ikidondoka, usikimbilie gundi ya papo kwa hapo. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye enameli na kwenye dhahabu, na ukungu huo ukishakaa kuuondoa ni kazi. Tumia epoksi safi ya vijenzi viwili, changanya kiasi cha punje ya mchele, chukua tone kwa ncha ya kijiti cha meno, weka kwenye kishimo na siyo kwenye kito, bonyeza, kisha laza pini kwenye kitanda cha mchele mkavu ili isimame sawa kwa saa 24. Pini iliyotengenezwa hivyo ivae au iweke. Ukiibadilisha na mtu, mwambie kabla hajaigeuza.